Je, mashabiki wavumilie timu ibomolewe ili ijengwe upya?

Ndugu yangu, umeuliza kama shabiki wa timu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, inayofungwa kila wiki anapaswa kuuvumilia uongozi unaoibomoa kwa makusudi ili upate chipukizi bora, kwa kuwa timu za mkiani hupata nafasi kubwa, kwa bahati nasibu, ya kuchagua mapema wachezaji wapya. Mimi naona uvumilivu huo una kikomo. Chini ya meneja mkuu Sam Hinkie, aliyeingia mwaka 2013, Philadelphia 76ers walishinda michezo 19, kisha 18, kisha 10 tu kati ya 82, na Joel Embiid, Mkameruni waliyemchagua mwaka 2014, alikaa nje misimu miwili mizima kwa jeraha la mguu, huku mashabiki wakiendelea kulipa kiingilio. Tangu ubomoaji huo hadi mwaka 2025 walikuwa hawajavuka raundi ya pili ya mchujo.

Kwa upande mwingine, Indiana Pacers walijijenga kwa kubadilishana wachezaji: walimtoa nyota wao Domantas Sabonis mwaka 2022, wakampata Tyrese Haliburton, na mwaka 2025 wakafika mchezo wa saba wa fainali. Nakiri kwamba waliowafunga, Oklahoma City Thunder, walipitia misimu ya vipigo, ila tayari walikuwa na nyota wao Shai Gilgeous-Alexander, waliyempata kwa mabadilishano mwaka 2019. Tena, mwaka huo timu tatu za mkiani zilipewa nafasi sawa ya asilimia 14 kupata chaguo la kwanza, ilhali zamani ya mwisho ilikuwa na 25, kwa hiyo kushika mkia hakulipi kama zamani.