Maswali Yenu: Nyumba, Shimo na Bustani kwenye Udongo Mweusi

Msomaji, Utawala, Nairobi: Nyumba yangu ya vyumba vitatu ina nyufa kwenye pembe za madirisha, zinashuka kama ngazi zikifuata viungo vya mawe. Februari shilingi inaingia, Mei hazionekani. Sakafu ya sebuleni imeinuka katikati na mlango unakwama. Fundi ananiambia nipige plasta.

Plasta itapasuka kiangazi kijacho. Nyufa zinazofunguka na kufunga kwa msimu ni kazi ya udongo, si ya simiti. Udongo mweusi huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka. Chini ya nyumba unyevu hukaa, pembezoni jua hukausha. Ndiyo maana kingo zinashuka na katikati panapanda.

Tunashuku pia kwamba mjenzi alichimba mitaro ya kuta tu hadi kwenye maramu (udongo mgumu wenye changarawe), akauacha udongo mweusi chini ya sakafu. Kosa hili ni la kawaida sana upande wa mashariki wa Nairobi, maana kuuchimba wote na kuubeba kwa lori ni gharama.

Kwa sasa shughulikia maji. Zungushia nyumba zege la upana wa mita 1 hadi 1.5, lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita kuelekea nje. Maji ya paa yaingie tangini au yapelekwe mbali. Kagua mabomba yaliyofukiwa: bomba linalovuja chini ya pembe moja hutosha kuiinua. Mkaratusi upandwe mbali na ukuta, angalau umbali sawa na urefu utakaofikia, kwa sababu mizizi yake hunyonya unyevu na ardhi kushuka. Kisha weka alama za penseli na tarehe kwenye ncha za kila ufa, upime upana mwaka mzima. Ukipita milimita 5, au ukipanuka bila kurudi, ita mhandisi wa majengo aliyesajiliwa kabla ya kumwita fundi wa rangi.

Anayeanza kujenga achimbe mashimo ya majaribio kwanza, moja katikati na mengine kwenye pembe za ploti. Maramu au mwamba ukiwa karibu, udongo mweusi wote utolewe, sakafu na kuta pamoja. Ujazo uwe maramu inayoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Mawe matupu yenye nafasi hugeuka bwawa chini ya sakafu, na maji hayo huvimbisha udongo uliobaki pembeni. Udongo ukiwa na kina kirefu, mwambie mhandisi achore nguzo zinazofika chini na boriti zilizoachiwa nafasi chini yake, ili udongo uvimbe bila kusukuma nyumba.

Mama Fulani, Ruai: Shimo la kupenyezea majitaka linajaa kila baada ya wiki tatu. Jirani anasema nichimbe lingine. Muuzaji mmoja ananishauri biodaijesta, tangi la kuozesha kinyesi, eti haihitaji kunyonywa kamwe.

Mama, usichimbe lingine kabla ya kupima. Chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande na kina cha 30, kikianzia pale bomba litakapotolea maji. Kijaze, ukiache usiku kucha. Kesho yake kijaze tena, upime muda wa maji kushuka kutoka robo tatu hadi robo ya kina, yaani milimita 150. Rudia mara tatu. Muda huo ukizidi takribani masaa manne, ardhi hiyo haifai kupenyeza.

Usidanganyike na kipimo cha Januari. Nyufa za kiangazi humeza ndoo nzima kwa dakika chache, kisha udongo unavimba na kuziba. Pima baada ya mvua za masika.

Biodaijesta huozesha kinyesi, lakini maji yaliyoingia lazima yatoke. Muulize muuzaji yanaenda wapi. Jibu likiwa “yanapenya ardhini”, umerudi palepale.

Watu sita wakitumia lita 80 kila mmoja ni lita 480 kwa siku. Lori la kunyonya majitaka la lita 10,000 linajaa kwa siku 21 hivi. Hesabu hiyo inalingana na wiki zako tatu, kwa hiyo huenda shimo halipenyezi chochote. Tenga maji ya kufulia na kuogea yaende kwenye kitalu cha migomba kilichoinuliwa, na maji ya paa yasiingie shimoni: mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita 100 za mraba ni lita 2,000. Kisima kiwe mbali na shimo, mita 30 au zaidi.

Msomaji, Kamulu: Niongeze mchanga ili sukuma wiki istawi?

Hapana. Mchanga kidogo ukichanganyika na mfinyanzi huu hutoa kitu kama tofali. Udongo mweusi kwa kawaida una rutuba. Shida yake ni hewa na maji kutuama. Inua matuta ya sentimita 30, upana mita 1, na uchanganye debe la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Usilime udongo ukiwa umelowa: ukiweza kuuviringisha mkononi uwe kamba nyembamba, subiri. Parachichi na papai huoza mizizi maji yakituama, hivyo vipandwe kwenye kilima kidogo cha udongo. Mpera huvumilia zaidi.