Pampu inayonguruma usiku na betri inayokufa

Kaka, umesema pampu ya trela yako ya kambi inanguruma usiku ilhali mabomba yote umefunga, na asubuhi betri iko hoi. Usikimbilie Kariakoo kununua betri kwanza. Naona hilo ni tatizo moja, si mawili.

Pampu hizo za volti 12 zina swichi ya presha: presha ikishuka, inawaka yenyewe. Basi maji yanavuja mahali, au yanarudi tangini kwa vali ya pampu. Kausha viungo vyote, funga tishu kavu kwenye kila kimoja, ulale. Asubuhi tishu iliyolowa itakuonyesha. Zote zikiwa kavu, fungua kichwa cha pampu usafishe vali. Punje moja ya mchanga wa Kigamboni inatosha kuizuia isifunge. Na kila ukilala, zima swichi ya pampu. Sijui kwa nini watu hatufanyi hivyo.

Betri ipime kwa mita ya volti ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaji. Betri ya asidi ikijaa husoma kama volti 12.6, ikisoma 12, imebaki kidogo. Kisha washa pampu, upime kwenye betri, halafu kwenye pampu yenyewe. Tofauti ikifika volti nzima, kosa ni waya au viungo vyake. Mimi nilikuta waya wa hasi, ulipofungwa kwenye chasisi, umeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Msasa, nati mpya, grisi, kwisha. Ila betri iliyojaa chaji ikishuka chini ya volti 11 pampu ikiwa inafanya kazi, ukipima hapo hapo kwenye betri na vichwa vyake ni visafi, hapo sawa, kanunue.