Niliapa kuacha mahamri hadi nipungue, nimekula: nifanye nini?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Mombasa. Mwaka jana daktari aliniambia sukari yangu imeanza kupanda, nipunguze mwili. Nilikuwa na kilo 94. Nikaapa, wallahi sitakula mahamri wala chapati mpaka nifike kilo 80. Nilishuka hadi 88, nikaenda harusini, nikala. Tangu usiku ule nikawa nala kila kitu, maana nimeshaharibu. Nikaapa tena, nikavunja tena. Mara ya tatu nikasema, nikila tena namwekea Mungu nadhiri ya kufunga mwezi mzima, na nimekula. Sasa nina 95. Kila nikipungua mawifi huniuliza naumwa nini. Je, nimepigwa kijicho? Au ni imani yangu ndogo? Na viapo hivi nivifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah, dada yangu. Nianze na viapo, kwa kuwa hilo ni deni, na deni hulipwa kabla ya mawaidha.

Kiapo chako cha kwanza ni yamini kamili, yaani kiapo kwa jina la Mwenyezi Mungu, na ulipokula umelazimika kafara. Aya ya 89 ya Suratul Maida imeitaja: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyeweza hayo afunge siku tatu. Angalia mpangilio wake. Watu wetu hukimbilia kufunga kwa kuwa ni rahisi mfukoni, ilhali funga ni ya asiye na uwezo. Kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata hapa pwani, kila maskini hukabidhiwa kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa mjini, kama mchele. Pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo kafara moja ni pishi mbili na nusu. Kiapo cha pili ulikila baada ya kuvunja cha kwanza, basi nacho kina kafara yake. Ama ile ya tatu, nadhiri ya mtu aliyejikasirikia ili ajizuie na jambo, wanavyuoni wetu wamekupa hiari: funga huo mwezi, au toa kafara ya yamini. Mimi nakushauri utoe kafara. Mwezi mzima wa funga kwa mwenye sukari si jambo la kujitwisha kwa hasira.

Sasa kuna kitu kidogo cha fikihi ambacho nadhani kina dawa yako ndani yake. Yamini huvunjika kwa hamri la kwanza. Hapo kafara imewajibika na kiapo kimekwisha. Hamri la pili halikuongezei kafara. Wewe ulilielewa jambo hili kinyume: ukaona kwa kuwa kiapo kimevunjika, basi na mwili nao umevunjika, hakuna cha kulinda tena. Kumbe usiku ule wa harusi ulikosea sahani moja tu. Zile kilo saba hazikutoka harusini, zimetoka katika wiki zilizofuata, kwenye neno lako lile, "nimeshaharibu".

Nikuulize. Siku uliyopitiwa na usingizi ukakosa Alfajiri kwa wakati wake, uliacha Adhuhuri? Uliacha Alasiri ukasema nitaanza upya Jumatatu? Uliamka, ukailipa, ukaendelea na siku yako. Hakuna mwenye akili anayesema maadamu moja imenipita, basi tano zote ziende. Lakini katika chakula twasema hivyo kila siku, na tena twaona ni kauli ya mtu mwenye msimamo! Mtume (s.a.w.) amesema kila mwanadamu ni mwingi wa kukosea, na wabora wa wakosefu ni wenye kutubu, ameipokea Tirmidhi. Hakusema wabora ni wasiokosea. Ukila ulichokusudia kutokula, sema astaghfirullah, na mlo unaofuata uwe mlo wako wa kawaida. Usijinyime chakula cha mchana kujiadhibu, maana huyo huyo aliyejinyima mchana ndiye atakayefungua sufuria saa tano za usiku.

Na tafadhali, usiape tena juu ya chakula. Moja ya sababu zinazotajwa za kushuka aya ya kwanza ya Suratut Tahrim ni asali: Mtume alikunywa kwa mmoja wa wakeze, kisha kwa maneno yaliyosemwa akaazimia kutoinywa tena. Akaulizwa na Mola wake, kwa nini unaharamisha alichokuhalalishia Mwenyezi Mungu? Ikiwa yeye aliambiwa hivyo kwa asali, mimi na wewe tusijiharamishie hamri. Kilichoharamishwa nafsi hukililia. Kilichopunguzwa nafsi hukizoea. Badala ya "sitakula abadan", sema nitakula moja, asubuhi, na mbaazi, kisha nifunike sahani. Bibi Aisha amepokea kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa chache. Kutembea kila siku baada ya Alasiri, hata robo saa, ni bora kuliko wiki moja ya kukimbia na miezi mitatu ya kulala.

Kijicho kipo, sikatai. Soma Falaq na Nas asubuhi na jioni. Lakini, dada yangu, hakuna mwenye kijicho aliyekutilia chapati ya tatu.

Ama imani yako, mtu anayeuliza namna ya kulipa kafara ya mahamri hawezi kuwa hana imani. Tofautisha udhaifu na ukafiri wa neema, yaani kutoshukuru ulichopewa. Kushiba mno kwa kawaida ni makuruhu, jambo lisilopendeza lakini si haramu, ila kukifika daraja ya kumdhuru mtu aliyekwisha kuonywa na daktari, hukumu huwa nzito zaidi, kwani tumekatazwa kujitia kwenye maangamizo kwa mikono yetu (Baqara, 195). Nakutajia hili ujue uzito wake, si ulitumie kujipiga.

Mawifi nawaelewa. Huku kwetu mwili ni dalili ya raha, na mke akikonda huulizwa mume anamlisha nini. Hawakutakii mabaya. Lakini nakisia kila wakikuuliza, unakula ili uwatulize. Waambie mara moja, wazi: daktari ameniambia sukari inapanda, nisaidieni. Wifi akijua hivyo atakuwa wa kwanza kukufichia kaimati. Na mumeo asikucheke. Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa. Baadaye Aisha alipobeba mwili wakashindana tena, Mtume akashinda, akacheka akasema, hii kwa ile. Aisha mwenyewe ndiye aliyeisimulia, imo kwa Abu Daud, na ndani yake hakuna kejeli.

Ukitaka kufunga sunna za Jumatatu na Alhamisi, funga, kwa nia ya ibada. Kupungua kukija pamoja nayo hakuharibu funga. Ila kama unatumia dawa za sukari, muulize daktari wako kwanza. Na futari iwe futari, isiwe karamu.

Kafara zako tatu ni pishi saba na nusu za mchele. Ukiwa huna uwezo, funga siku tatu kwa kila kafara, na si lazima zifuatane. Wallahu a'lam.