Kabla ya kurudi nyumbani, ulizia tezi

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akitoka kwenye upasuaji, sisi ndugu huuliza jambo moja: "Uvimbe umetoka wote?" Daktari akiitikia, tunamshukuru Mungu na kutafuta gari la kurudi nyumbani. Nilimuuguza mjomba wangu hapa Kampala, na tangu hapo kila anayenipigia simu namwambia aulize na la pili: tezi za limfu, yale mafundo madogo yanayochuja maji ya mwili, zimekutwaje?

Chembe za saratani hutoa protini, mojawapo inaitwa VEGF-C, inayofanya mishipa ya limfu iliyo jirani ichipue matawi mapya. Mishipa hiyo haipitishi damu. Hukusanya maji yanayobaki kwenye nyama za mwili, yakachujwa kwenye tezi, kisha yakarudi kwenye damu. Kuta zake ni nyembamba mno, chembe hupenya bila shida. Tezi za kwanza kufikiwa zimo kwenye mafuta yanayoshikilia utumbo, ndiyo sababu daktari hukata utumbo pamoja na mafuta yake. Cuthbert Dukes, mpatholojia (daktari anayechunguza nyama za mwili maabara) wa London, alikuwa akiwagawa wagonjwa katika makundi kwa hali ya tezi zao tangu 1932.

Kipande cha utumbo kilichokatwa nilikabidhiwa mimi. Ndoo ndogo ya plastiki, fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ndani, jina la mjomba limeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Nikaambiwa: peleka maabara, ukalipe. Kwetu Uganda kazi hii mara nyingi huwaangukia ndugu, tena wakati mfuko umekauka. Kwa hiyo tengeni pesa ya maabara kabla ya siku ya upasuaji, msisubiri. Fomalini isimwagwe hata kama harufu inawasumbua, maana bila hiyo nyama huoza na majibu hayapatikani. Hakikisha fomu ya daktari inakwenda pamoja na ndoo.

Majibu huja kwa Kiingereza. Tafuta namba mbili: tezi zilizokaguliwa, na zenye saratani. Zinazokaguliwa zinatakiwa zisipungue 12. Ukiambiwa tezi zote ni safi, na zilizotazamwa ni 5 tu, usitulie. Muulize daktari kama maabara inaweza kutafuta nyingine kwenye kipande kilekile. Soma pia kama chembe zimeonekana ndani ya mishipa ya limfu au ya damu.

Tezi hata moja ikiwa na saratani, ugonjwa umefika hatua ya 3, na kwa kawaida mgonjwa hushauriwa kupata kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, vizuri ianze ndani ya wiki 8 baada ya upasuaji. Mjomba alikutwa na tezi mbili zenye saratani. Majirani walimwambia kidonda kimepona, dawa za nini tena? Inaniuma kusikia maneno hayo, kwa sababu chembe zilizokwisha kupita kwenye tezi hazionekani kwa macho wala haziumi. Tulimpeleka Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago.

Ripoti ipige picha kwa simu, umtumie na ndugu mwingine. Karatasi hupotea, na kila daktari mpya ataiomba.