Kwa mnaotaka gari la misuli na mfuko ni mwembamba

Haupiti mwezi bila kijana mpya kutokea, ana akiba yake ya kueleweka, na swali lake ni lilelile: "Wakubwa, nimeona Dodge Charger ya 1969, mwenyewe anasema inataka kazi kidogo tu, nichukue?" Tunamjibu, anashukuru, kisha anatuma picha ya gari juu ya trela, mlango mmoja wa kijani, mwingine haupo. Nimechoka kurudia, wadogo zangu. Someni hapa, na mkimaliza msiniulize tena habari za Charger.

1. Acheni majina. Magari haya ya misuli, yaani ya Marekani yenye injini kubwa kwenye bodi la kawaida, yalitengenezwa kwa ajili ya vijana wasio na hela nyingi. Pontiac walichukua Tempest ya 1964, gari la wastani tu, wakalitia V8, injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 389 wakaliita GTO. Plymouth nao mwaka 1968 wakatoa Road Runner: mapambo yakapunguzwa, hata zulia likawa mpira mtupu, ila injini ya inchi 383 yenye nguvu za farasi 335 ikabaki. Leo hayo majina ndiyo yanayolipiwa. Ninyi tafuteni ndugu zao wasioimbwa: Dodge Dart, Plymouth Valiant, Chevrolet Nova, Ford Maverick, Chevrolet Malibu isiyo SS (Super Sport, toleo la nguvu). Hata la milango minne ni gari. Najua mmenuna. Nuneni, lakini huyo wa milango minne anaendesha na wewe bado unatafuta.

2. Ya 1972 na kuendelea msiyakimbie kwa sababu ya namba. Zamani viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini ikiwa benchi, haina ekzosi kamili wala mizigo mingine. Kuanzia 1972 wakapima ikiwa imefungwa vikorokoro vyake vyote. Kwa hiyo sehemu ya nguvu "iliyopotea" ilipotea kwenye karatasi. Nyingine ilipotea kweli, maana kompresheni ilishushwa, lakini na bei imeshuka. Hapo ndipo mahali penu.

3. Sumaku, tochi, bisibisi. Sumaku ikikataa kushika, chini ya rangi hakuna bati, kuna puti. Gari likiwa na paa la vinili, bonyeza kwa vidole kuzunguka kioo cha nyuma. Ukisikia kitu kinabonyea na kulia kama majani makavu, maji yamekaa humo miaka, na yakishuka yanaenda kwenye sakafu ya buti. Inua zulia la buti hata kama mwenye gari anakukunjia uso. Injini mbovu inatolewa ikarudishwa. Fundi bodi anakulipisha kwa saa, na saa za kutu haziishi.

4. Nunua gari lililo kamili. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuta Plymouth Duster ya 1970. Bodi iko juu ya matofali, imepigwa praima ya kijivu, imenyooka. Vingine vyote viko kwenye maboksi yaliyopangwa ukutani. Muuzaji, mzee mpole, akaniambia maneno ambayo na ninyi mtaambiwa: "Kazi ngumu nimeshamaliza, limebaki kufunga tu." Nikachungulia namba ya chesi pale juu ya dashibodi. VS29H. Wanaojua wameshatabasamu: herufi ya tano ni H, gari lilitoka kiwandani na injini ya inchi 340, ile ya nguvu. Moyo ukanienda mbio. Pembeni kuna injini kwenye stendi, rangi ya chungwa kama inavyotakiwa. Nikalipa siku hiyohiyo, wala sikuomba punguzo, nikiogopa mzee atashtuka apandishe bei. Mzee hakuwa na la kumshtua.

Mnajua kwamba injini ya 318, mdogo wake, na 340 kwa nje ni mapacha. Lakini ukubwa umeandikwa kwenye bloku, ubavuni, tarakimu zilizotoka na chuma kwenye kalibu. Unafuta grisi kwa kidole, unasoma. Mimi nilifuta nikiwa nyumbani, nikasoma 318. Farasi 275 nilizokuwa nazihesabu njia nzima zikawa 230, na hizo ni za ilipokuwa mpya, maana hii yangu ilikuwa na pistoni zilizoganda.

Na bado injini haikuniumiza kama maboksi. Kilichonimaliza ni vitu vidogo. Breketi ya oltaneta. Springi ya pedali ya klachi. Ile Z-ba inayopeleka nguvu ya pedali kwenye uma wa klachi, ambayo ya Duster si ya Charger, nami nikaagiza ya Charger. Mifuko ya nailoni imejaa bolti, hakuna hata mmoja ulioandikwa. Boksi lililoandikwa "dashibodi" ndani lina vishikio vya milango, tena si vya Plymouth. Unashika kipande cha chuma chenye matundu na mkunjo, unakigeuza weee, hujui ni cha Duster au cha mashine ya kukata majani. Na kilichopungua hukijui mpaka ufike mahali pa kukifunga. Kila Jumamosi nafunga viwili, nagundua kimoja hakipo, naagiza, nasubiri. Mke wangu aliacha kuuliza litaisha lini, akaanza kuanika nguo juu ya bodi. Nguo zilikauka vizuri, paa la Duster limeteremka kwa nyuma, maji yanachuruzika yenyewe.

Liliwaka mwishowe, kwa ile ile 318. Kwa hela niliyoizika humo ningenunua Dart inayotembea, rangi mbaya lakini kila bolti mahali pake, na mafuta ya kuzurura nayo yangebaki. Kwa hiyo mtu akikuambia "limebaki kufunga tu", muulize kwa nini hakufunga.

5. Nembo zinauzwa, na tundu la kuzifungia linatobolewa kwa dakika. Chevelle SS (Malibu ni Chevelle ya kawaida) za 1966 hadi 1968 unazijua kwa namba ya chesi, inaanza na 138. Kuanzia 1969 SS ikawa ya kuagizia tu juu ya gari la kawaida, na namba haisemi kitu. Dai karatasi za kiwandani. Wakati mwingine huwa zimenasa kwenye springi za kiti cha nyuma. Hakuna karatasi? Lipa bei ya Malibu, hata kama lina SS mpaka kwenye kofia ya mwenye gari.

6. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika shika ekzosi manifodi kwa mkono. Ikiwa ya moto, anaficha namna injini inavyowaka ikiwa baridi.

7. Breki kwanza, kabureta baadaye. Mengi ya haya yana breki za dramu, si za diski, magurudumu yote, na ninyi mnaanza na kuongeza nguvu.

8. Usiende na hela yote. Theluthi iache nyumbani, kwa sababu gari litaiomba lenyewe kabla ya mwaka kuisha.

9. Nenda na mtu asiyeyapenda magari haya. Shemeji, jirani, yeyote anayeona chuma tu. Wewe utasikia V8 ikiunguruma, yeye ataona dimbwi la oili chini. Ukikosa mtu nishtue, Jumamosi siku hizi ninayo. Ila tukifika nikaona maboksi, mimi sishuki.