Simu moja, watoto wanne

Mumeuliza wiki hii kama vitabu vya ndani ya simu vinaweza kumfanya mtoto wa familia isiyo na makuta, yaani pesa, apende kusoma. Kwangu hapa Kadutu, Bukavu, mashariki ya Kongo, vimefanya.

Tangu 2019 shule ya msingi ni bure, sawa, ila kitabu cha hadithi ni kitu ingine, watoto wangu hawajawahi kurudi nyumbani na hata kimoja, na mimi nauzisha sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sokoni, faida kidogo inaenda kwanza ku unga na makala ya kupikia. Mwalimu mmoja jirani njo alituonyesha African Storybook, imetokea Afrika Kusini, hadithi fupi zenye picha, hazilipishwi, na nyingi ziko mu Kiswahili. Tulishusha kumi na tano siku moja, mega za intaneti zikatosha, toka hapo tunasoma bila intaneti, hata umeme ukikatika ilimradi batri iko na kitu.

Simu natembea nayo mchana, kwa hiyo ni jioni tu, wanne wamekaa ku mkeka moja. Huyu wa miaka saba alizoea kufuata maneno na kidole, basi akigusa ekrani ukurasa unakimbia, anarudisha, unakimbia tena, mpaka machozi. Dada yake akavunja kijiti cha fagio akampa. Kijiti hakisukumi ukurasa! Sasa kila mtu iko na kijiti yake, na ole wako uguse cha mwenzako.

Lakini mimi naona kilichowavuta ni lugha, simu imesaidia tu. Kifaransa wanakisoma kama wimbo, sauti inatoka vizuri, ukiuliza maana wananyamaza. Hadithi ya Kiswahili mtoto anacheka katikati ya mstari, njo unajua imeingia. Kuna maneno si ya huku kwetu, waliniuliza shangazi ni nani, nikawaambia ni tanti, dada ya papa, tukaendelea.

Walimu wa Bukavu mnaosoma hapa, naomba jambo moja. Zile hadithi zinaruhusiwa kutafsiriwa, hakuna wa kuwadai. Tafadhali tuwekeeni zingine mu Mashi, lugha ya huku kwetu, juu bibi yao anakaa nasi kila jioni ku ule mkeka, Kiswahili kinamupita, na kila wakicheka anauliza wamesema nini.