Re: Kaka akimpa baba sehemu ya ini, atabaki na nusu?

Pole sana kwa kuuguliwa, dada. Kaka yako hatabaki na nusu ini maisha yote, maana ini huota tena. Mgonjwa anayepokea akiwa mtu mzima, mara nyingi mtoaji hukatwa upande wa kulia wa ini lake, unaokaribia asilimia 60 ya ini zima, na baada ya miezi michache ini la mtoaji hurudia karibu ukubwa wake wa zamani. Umbo ndilo halirudi. Ule upande uliobaki hutanuka tu. Wala jambo hili si geni: mwaka 1989, huko Brisbane, Australia, mama wa Kijapani alimpa mwanawe kipande cha ini, na upandikizaji ukafanikiwa.

Ila msimfiche kaka hatari. Nyongo inaweza kuvuja pale palipokatwa, na wapo watoaji, ingawa wachache sana, waliofariki. Azungumze na daktari akiwa peke yake, bila shinikizo la ukoo. Akikataa, tafadhali msimlaumu.

Umesema ini la mzee limeharibiwa na homa ya ini B. Basi pimeni nyumba nzima, kuanzia kaka, kwa sababu akikutwa nayo kwa kawaida hataruhusiwa kutoa. Wasio nayo wachanjwe. Mzee naye, hata akipata ini jipya, ataendelea na dawa za virusi, vinginevyo vitalishambulia hilo pia. Ataongezewa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, kila siku, maisha yote. Katika michango mnayokusanya ya safari ya India, tengeni fungu la dawa hizo kabla hamjakata tiketi.